Jina Nililotiki Huku Naona

Mtaa wa Likoma,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mpendwa Shangazi Mwanne,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu uanze zile dawa? Na korosho, mmeshaanza kuokota? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia, kwa hiyo leo sitazunguka sana. Aliyekuletea bahasha hii ni Fikirini, utingo wa basi la Newala. Simu yako nimepiga tangu jana haipatikani. Ukimaliza kusoma, Shangazi, jifunge kanga utoke.

Unajua nafanya kazi ofisi ya mitihani pale chuoni. Kwetu matokeo hayatoki kabla watu wawili hawajasomeana: mmoja anasoma orodha ya mwisho, mwenzake anashika karatasi za mwalimu na kutiki jina kwa jina. Mwezi uliopita alisoma Dokta Pantaleo, mkubwa wangu, nikatiki mimi. Alipofika kwa kijana mmoja, Hafidhi, akasoma alama tisa kati ya arobaini. Karatasi yangu ilisema thelathini na nne.

Niliona, Shangazi. Nikajiambia, wewe na stashahada yako umsahihishe mtu mwenye udaktari? Labda ana karatasi mpya kuliko yako. Nikatiki.

Unanijua Jumamosi ninapomsaidia rafiki yangu Chiku kuuza vitenge sokoni: sauti yangu inafika Mtaa wa Msimbazi, na hakuna wa kunibabaisha kwa bei. Nikiingia ofisini nakuwa mtu mwingine. Kila kitu nauliza mara mbili, hata ninachokijua. Wakubwa wananisifu eti mimi ni mpole. Upole gani! Ni woga, na woga huo umemfanya mtoto wa watu adisko, yaani afukuzwe chuo, akiwa mwaka wa mwisho. Alikuja dirishani kuuliza. Nilimjibu matokeo ndiyo hayo, wala sikumtazama usoni.

Jana kwenye kikao nilisimama nikasema. Dokta akaniuliza, "Zamda, una uhakika?"

"Ninao, Dokta. Nilitiki huku naona."

Karatasi zikatolewa, zikalinganishwa mbele ya wote. Dokta akavua miwani. "Sasa mbona siku ile hukusema?"

Hafidhi amerudishwa, lakini usajili unafungwa Ijumaa saa tisa alasiri, na lazima asaini mwenyewe. Simu yake imezimwa. Mwenzake waliyepanga naye Magomeni anasema aliuza godoro na kompyuta, akarudi huko kwenu Kitangari, kwa mama yake, Mwanamkuu, anayeuza maandazi jirani na zahanati. Aliaga kwamba hana akili ya chuo, na kwamba hataki kusikia tena habari za kusoma. Hilo ndilo linalonitafuna.

Humo kwenye bahasha yamo matokeo yake mapya yenye muhuri. Mpe mkononi ayasome, maana kwa maneno matupu hataamini. Bahasha itakufikia Jumatano; nenda siku hiyo hiyo. Basi linageuza kuja Dar Alhamisi alfajiri, na Fikirini amemwekea kiti.

Wasalimie Mjomba Anuari na Abdulmajid, na Mungu akufungulie njia.

Akikataa, Shangazi, usimwambie kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Mwambie hakufeli. Aliyefeli yuko Dar, na akitaka kumtukana, aje amtukane ana kwa ana pale dirishani, Ijumaa kabla ya saa tisa. Jina la mtu huyo ni hili hapa chini.

Mwanao akupendaye,
Zamda