Mimi Ndiye Niliyewaelekeza Jabiani

Jumamosi, baada ya Magharibi. Upepo wa kaskazi umevuma kutwa, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na mimi nimefura. Kama umefungua ukurasa huu ukitafuta picha za magofu na njia nzuri za kupitisha baiskeli, leo umekosea mlango.

Sina salamu kwa mtu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kizingitini, kisiwani Pate. Nimeachika, nina binti mmoja, Saada, wa miaka kumi na mitatu, na nina baiskeli. Hilo la baiskeli ndilo watu wanalolitaja kwanza. Nakunja buibui kiunoni juu ya suruali, napanda, naondoka. Nimesemwa vya kutosha na sijafa.

Na njia zenyewe, jamani, ni tamu. Nakiri hata leo na hasira zangu zote. Ukiiacha barabara kubwa ukashika vijia vya mashambani kuelekea Siyu, husikii honi wala injini. Ni changarawe tu inasagika chini ya tairi, minazi, mbuzi wa watu, na yale maziwa madogo ya mvua ambayo yangeyange wanasimama ndani yake tangu asubuhi hawana kazi. Unafika kwenye ngome ya Siyu, unaegemeza baiskeli, unakunywa maji. Ukiwa bado na pumzi unaendelea mpaka Pate mjini, ambako watu wamepanda tumbaku katikati ya kuta za nyumba za kale. Nimepita njia hiyo nikiwa na furaha na nikiwa na talaka mkononi, na kila mara nimerudi nyumbani nikiwa mtu.

Wiki tatu zilizopita niliiandika hapa, hatua kwa hatua, na niliandika kwa madaha kweli kweli. Nilieleza kona ya mkwaju, nikaeleza ziwa la kwanza na la pili, halafu nikaweka maneno haya, yangu mwenyewe: "Ukishapita ziwa la pili utaona sakafu pana nyeupe, safi, yenye upepo. Pumzika hapo, maji yapo."

Sakafu hiyo ni jabia.

Jabia ni sakafu kubwa ya chokaa na saruji, imeinama kidogo upande mmoja. Mvua ikinyesha, maji yanateremka juu yake yanaingia kwenye birika lililochimbwa pembeni, na hayo ndiyo tunayokunywa na kupikia kiangazi kizima, maana visima vyetu vina chumvi. Hakuna mtu wa hapa anayekanyaga jabia na viatu. Hata mtoto anayejifunza kutembea anajua. Unavua pembeni, unapangusa nyayo, ndipo unapanda. Sikuandika "vueni viatu" kwa sababu haikunijia akilini kwamba kuna binadamu wa kuambiwa hivyo. Ni kama kumwandikia mtu kwamba asiingie msikitini na baiskeli.

Basi wakaja. Watu wanne kutoka Nairobi, baiskeli zenye matairi mapana, miwani ya rangi rangi. Hawakuwa na mwenyeji, walikuwa na simu, na ndani ya simu walikuwa na mimi. Huko mbele walikata njia kupitia mikokoni, bila kuuliza mtu maji yanajaa saa ngapi, wakazama kwenye tope. Walipofika jabiani walikuwa wamejaa matope ya chumvi mpaka kwenye nywele. Wakapandisha baiskeli juu ya sakafu. Wakateka maji birikani, wakasugua minyororo kwa sabuni na madawa yao, na yale maji machafu yakafanya kile kile ambacho jabia ilijengewa. Yakateremka, yakaingia birikani.

Najuaje yote haya? Wenyewe waliniandikia. Ijumaa ya wiki jana, jioni, hapa hapa chini ya habari yangu: "Asante sana dada! Matope ya mikoko yalitumaliza lakini hiyo sakafu ni noma, tumeosha baiskeli zote na maji yako!" Wakaweka na vicheko. Asubuhi ya siku hiyo wanawake walikuwa wameshatia ndoo birikani zikatoka na utando wa mafuta, na mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele. Nilisoma maneno yale nimesimama jikoni.

Nikayafuta.

Nikayafuta, nikapakua chakula, nikamwambia Saada aongeze mchuzi. Nilipotoka barazani na kumsikia jirani akiwalaani wale wageni na aliyewaonyesha njia, nikaitikia amin. Wallahi, niliitikia.

Sasa nimtaje Bi Zuhura, nami simtaji kwa mapenzi. Ndiye mama wa aliyekuwa mume wangu, bibi yake Saada. Ni mzaliwa wa Amu, Lamu mjini, aliyeolewa huku miaka mingi, na mpaka leo anatuona sote washamba. Nilipoachwa, alisimama katikati ya arusi ya watu akasema mwanawe sasa atapumzika na mke wa magurudumu. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sijamsamehe, na sioni haraka.

Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa birika, na kazi hiyo aliifanya kama sultani. Akihesabu ndoo, akimfukuza mwenye mtungi mchafu, akimtukana mtu mzima mbele ya watoto wake. Lakini maji yalitufikisha kwenye masika kila mwaka. Wiki ile dada yake alifariki, akaenda Amu matangani, na kwa mara ya kwanza akaacha kufuli wazi ili majirani wasipate taabu. Ndivyo wale wanne walivyoingia. Na aliporudi Jumamosi, hakukuwa na mtu wa kulaumiwa aliye karibu zaidi yake.

Walimsema jamani. Wiki nzima. Kwamba amezeeka, kwamba amekula rushwa ya wageni, kwamba ufunguo utoke mkononi mwake. Ufunguo ule ndio heshima yake yote hapa kijijini, mjane asiye na shamba wala duka.

Nami nilifurahi. Acha niseme hivyo hivyo, maana shajara ya uongo ni kujichosha tu. Siku mbili za mwanzo nilipita mlangoni kwake kwa baiskeli, polepole, nikapiga kengele.

Siku ya tatu nilimkuta kwenye kisima cha chumvi, ameinama na ndoo yake, na wanawake ambao amewagawia maji nusu ya umri wao wamempa mgongo, wanasubiri amalize. Hakunung'unika. Bi Zuhura ninayemjua mimi angewavua nguo kwa ulimi. Alibeba ndoo, akanipita, akanitazama usoni muda mrefu kuliko kawaida. Nilidhani ni chuki ile ile ya siku zote.

Tangu hapo sikupiga kengele tena mlangoni kwake.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kusugua. Birika lilikuwa limeshakaushwa, maji yetu ya miezi yamemwagwa mchangani, na kazi iliyobaki ilikuwa kuisafisha sakafu na birika lenyewe, kisha kuamua habari ya ufunguo. Tulikuwa wanawake kama ishirini na makumbi ya nazi mikononi. Bi Zuhura alikuwa kwenye kona yake peke yake, amepiga magoti, anasugua alama ya tairi. Kucha zangu mbili zilikuwa zimeshavunjika. Bi Maimuna, ambaye sauti yake haihitaji kipaza, akasimama akasema sasa tuseme, ufunguo unakwenda kwa nani.

Nikapiga moyo konde nikasimama.

Nilisema yote. Kwamba mimi ndiye niliyewaelekeza, niliandika kwenye mtandao, wakanishukuru, nikafuta. Kwamba Bi Zuhura hana kosa. Nilisema haraka kama mwanafunzi anayesoma asichokielewa, nikamaliza, nikangoja mvua ya matusi.

Haikuja. Mwanamke mmoja akasema astaghfirullah. Mwingine akasema angalau mwalimu amesema mwenyewe, wangapi wangesema? Ala! Nilisimama pale nikajisikia, Mungu anisamehe, kama niliyepewa zawadi. Bi Maimuna akamgeukia Bi Zuhura, sauti yake imelainika.

"Bi Zuhura, tuwie radhi. Kumbe hata wewe hukujua."

Angeweza kuinamisha kichwa tu. Angeweza kunyamaza, ufunguo ukarudi mkononi mwake palepale. Lakini yule mama hasemi uongo, na hilo ndilo lililomfanya achukiwe tangu zamani.

"Nalijua," akasema. "Nalijua tangu siku niliporudi. Rukia alinisomea kwa simu."

Rukia ni binti yake aliye Mombasa, anayesoma kila ninachoandika ili apate la kunisengenya. Aliyaona yale maneno kabla sijayafuta. Kwa hiyo wiki nzima Bi Zuhura alikuwa na jina langu mdomoni, na wiki nzima aliacha atukanwe yeye.

Basi moto ukawaka upya, tena mkali zaidi. Bi Maimuna alipiga kelele kwamba wanakunywa chumvi, watoto tumbo linawaendesha, wanamtafuta aliyeleta balaa, naye anamjua na amemficha! Amemfichia nini? Bi Zuhura alifungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo, akauweka juu ya sakafu, akaondoka pekupeku na viatu mkononi. Mimi niliambiwa, tena kwa upole, "Mwalimu, endelea kusugua upande ule."

Mimi! Niliyeharibu, kwa upole! Nilitaka kurusha kumbi.

Nilimkimbilia njiani. Sijui nilitaka nini, pengine anishukuru, pengine anitukane tulingane. Nikamwambia nilikuja kumtoa aibuni. Akasimama, akavaa viatu kwanza, taratibu, kimoja baada ya kingine.

"Hukuya kwa ajili yangu," akasema kwa Kiamu chake. "Ulikuya kwa ajili ya usingizi wako. Mimi ni mzee, wangenisema mwezi mmoja wakachoka. Lakini Saada atapita ndia hii na ndoo mpaka siku atakayoolewa, na sasa kila akipita ataonyeshwa kidole. Hilo ndilo nililokuwa nikilifunika. Wewe umetua mzigo wako, umemtwika yeye."

Akaenda zake. Hata leo namchukia, maana alikuwa na haki, na sijui kitu kinachochukiza zaidi ya mtu usiyempenda akiwa na haki.

Nilirudi nyumbani nikiisukuma baiskeli, sikuweza kuipanda. Ile habari ya njia nimeifuta sasa hivi, yote, na maziwa yake na ngome yake. Mkitaka kupanda baiskeli Pate, njooni muulize watu. Mkiona aibu kuuliza, kaeni kwenu.

Saada amerudi kutoka kisimani kabla ya Magharibi. Ndoo ilikuwa tupu na leso yake imelowa upande mmoja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikamuuliza nani amefanya hivi. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

"Mama, ni kweli ni wewe?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaitua ndoo, akaingia chumbani akarudisha mlango, bila kuubamiza. Kutoka nyuma ya mlango akasema, sauti ya chini, kwamba Bi Maimuna alijua, na wanawe, na kisima kizima.

Nimekaa hapa jikoni na simu, nimeandika mpaka vidole vinauma. Tangu siku ile ya kisimani nilijipanga nitawaambiaje wanawake wa mtaa. Nilijaribu maneno nikiwa juu ya baiskeli, nikayarudia nikiosha vyombo, Saada yuko kando yangu anafuta sahani. Nimewaambia watu ishirini kabla ya yeye mmoja. Sasa mlango ule nitaugonga nikisema nini?