Jina la Bibi Devotha katika Hadithi ya Ukungu

Kihonda, Morogoro.
Jumapili, 24 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Evance,

Bibi yetu amepoteza jina lake. Limepotea Alhamisi iliyopita, tarehe 21, saa tano asubuhi, mbele ya watu mia na arobaini, na aliyelipoteza ni wewe. Nimeanza na hilo ili usije ukasoma salamu zangu ukadhani mambo ni shwari.

Sasa salamu. Marahaba, maana najua ungeniamkia. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Kifua chako kinaionaje hiyo baridi ya Ujerumani? Sisi huku wazima. Mimi ni goti tu linanisumbua kwenye ngazi. Biashara inakwenda, siku hizi sichomi tena vitumbua stendi, nalisha mikutano.

Na huko kwenye kulisha mikutano ndiko nilikokukuta. Wale wasomi waliokuja kuzungumzia fasihi ya watoto, zabuni ya chakula niliipata mimi. Sikujua kama na wewe umo. Nilikuwa nyuma ya ukumbi napanga vikombe, mara nasikia sauti yako. Kuinua macho, sura yako imejaa ukuta mzima kwa video kutoka huko Ujerumani, miwani usoni, rafu ya vitabu mgongoni. Moyo ulinidunda kwa furaha, nisikufiche. Nikamwambia Rehema, msaidizi wangu, "Yule ni mdogo wangu, tumebebwa mgongo mmoja." Akanijibu, "Mama, kila mtu mkubwa ni mdogo wako. Chai inapoa."

Halafu ukaanza kusimulia hadithi ya Ukungu.

Niliacha vikombe. Palepale nilikuwa Kinole, jikoni kwa Bibi, macho yananiwasha kwa moshi, ndizi zinatokota, na mdalasini uliokaushwa umejaa kwenye tenga nyuma ya mlango. Wewe una miaka sita, mimi kumi na mmoja. Mama zetu wako kwenye mashamba ya miwa, wametuacha kwa mama yao. Kila asubuhi ukungu unashuka kwenye njia ya shule, na kila asubuhi unakumbatia nguzo ya nyumba unalia, "Siendi! Anayeingia humo harudi!" Wiki nzima hukutia mguu shuleni. Mwalimu akatuma ujumbe, Mjomba Kasimiri akakata fimbo.

Bibi akamwambia, "Hiyo fimbo kachungie mbuzi." Jioni ile, huku anamenya ndizi, akatunga. Ukungu ni bikizee kibogoyo, anatafuta wajukuu. Akiona mtoto anammeza, lakini atamtafunaje naye hana jino hata moja? Basi inambidi amteme upande wa pili, mlangoni mwa shule. Kesho yake ulishika sketi yangu tukaingia, wewe unapiga kelele, "Huna meno! Huna meno!" mpaka tukatokea ng'ambo, umande umetujaa kwenye nyusi. Nimekula raha kadhaa tangu siku ile, Evance, lakini kicheko kama kile sijakipata tena.

Kwa hiyo nilisimama pale nikingoja ufike kwenye nguzo. Nilingoja useme, mabibi na mabwana, mtoto aliyekuwa analia ni mimi.

Hukusema. Ulisema kibogoyo yule ni alama ya mizimu. Ukauliza kwa nini mtoto wa kwenye hadithi amevaa sweta jekundu, ukajijibu kwamba wekundu ni damu ya kafara za kale. Watu wakaandika. Evance! Sweta lile lilikuwa langu. Mama alilinunua mnadani Gairo, mkono mmoja mfupi, likanibana, nawe ukalirithi. Hata picha ninayo.

Hayo yote ningeyameza, nikasema ndiyo kazi yake inavyotaka. Lakini mwishoni uliwataja waliokusaidia kufikiri. Mimi unanijua kwa hesabu: walikuwa kumi na tisa, kila mmoja na jina lake na mwaka wake. Bibi alipewa mstari mmoja: "Msimulizi mwanamke, zaidi ya miaka sabini, Uluguru." Ukahitimisha kwamba hadithi haina mtunzi, ni mali ya jamii nzima. Na kama ushahidi ukatumia sauti yake mwenyewe, uliyomrekodi mwaka ule ulipokuja na kile kimashine: "Hii si yangu, nimeiokota tu njiani."

Sauti yake ilijaa ukumbi. Ilibidi nitoke nje.

Hivi Bibi kuna siku alikubali kitu kuwa ni chake? Ukimsifia ugali, kausonga mwiko. Ukimsifia migomba, ni mvua. Alipomzalisha mke wa mwalimu usiku wa mafuriko, alisema mtoto alikuwa na haraka zake. Ulikuwa uungwana wake, na sote tulicheka tukijua. Mzungu angekosea nikamsamehe. Wewe umekula ugali ule.

Wakati wa chakula cha mchana nilimuuliza Nasra, binti mwandishi wa mkutano. Ameniambia makala zitachapwa kitabu, na kwamba masahihisho yanapokelewa mpaka tarehe 12 Septemba. Tena hadithi yenyewe itatengenezewa kijitabu cha picha kwa watoto wa madarasa ya chini. Juu litakaa jina lako kama mkusanyaji, na pa mtunzi wataandika "hadithi ya jadi". Nikamuuliza nani anaweza kulibadilisha hilo. Akasema wewe peke yako.

Kijitabu hicho kitafika Kinole. Watoto watasoma habari za njia wanayoipita wenyewe, wasijue ni nani aliyewatungia. Jina la Bibi limeandikwa mahali pamoja tu duniani, kwenye msalaba wa mbao, na mvua ya kule unaijua. Nilipopanda Pasaka herufi mbili zilikuwa zimeshafutika.

Nimempigia Mjomba Kasimiri. Kwanza alicheka habari ya sweta. Nilipomsomea mstari ule akasema, "Kwa hiyo mama yangu hakuwa mtu, alikuwa jamii?" Jumapili ijayo tunapanda wote kwa misa ya kumbukumbu yake, na baada ya misa Mjomba ataniuliza mbele ya ukoo. Sitaki kusimama pale nakutetea kwa maneno ya kubuni.

Mama yako Angelina anakusalimu sana, anauliza kama huko unakula ukashiba. Yeye sijamwambia. Mwanangu Fidelis naye anakuamkia. Msalimie mkeo, wabusu watoto, na Mungu aliyekuvusha bahari azidi kukushika mkono.

Sasa nijibu mambo mawili, tena kwa maneno, usinitumie kile kidole cha kwenye simu. Ulisahau kwamba mtoto yule ni wewe, au uliona haya kusema? Na jina la Devotha utaliandika pale pa mtunzi, ndiyo au hapana? Nataka jibu kabla ya Jumamosi tarehe 30, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu, si zenu.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Winfrida