Mji Usio na Jembe

Kambi ya karanga, Nachingwea

Mama yangu mpendwa,

Tangu wiki iliyopita sauti moja haijanitoka masikioni: jembe likipigwa ardhini mara moja, kisha kimya. Nitakueleza lilikuwa la nani. Kwanza niambie, mgongo unaendeleaje? Na bibi bado anakataa uji usio na ufuta? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa. Kaka Damasi, unayemsomea mama, usiruke neno. Na mjomba Beda aitwe asikie, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipokea posa ya Fidelis.

Mlimwona Fidelis alipokuja Nambilanje na wazee wake, akala mizizi yetu ya ming'oko mpaka bibi akamcheka. Ni mtu mwema. Nataka mlijue hilo kabla ya mengine.

Jioni, akitoka kwenye matrekta, alikuwa akipita darasani kwangu kuwasimulia watoto wa wafanyakazi habari za mji aliouzua kichwani mwake. Mashine zinalima, zinapika, zinafua. Ukitaka maji unasema tu "maji," yanakuja. Siku moja Rozi, binti wa seremala wetu, asiye na meno ya mbele, akanyoosha mkono.

"Fundi, sasa watu wenyewe wanafanya nini?"

"Wanakaa, mwanangu. Wanapumzika."

"Wanakaa mpaka lini?"

"Mpaka wachoke!"

"Si umesema huko watu hawachoki?"

Darasa zima likamzomea Fidelis, naye akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

Mama, mimi niliupenda mji ule. Kila alipousimulia nilikuona wewe umeinama kwenye kinu kabla jua halijatoka, na mimi mgongoni mwako. Nikawaza, mama angezaliwa huko, asingepinda.

Kisha Rozi akashikwa na homa, hakuamka.

Unajua kwetu ilivyo. Mtu akifa, wanaume hupokezana shimoni, huyu akitoka huyu anaingia. Wanawake huja kila mmoja na mchi wake kutwanga unga wa matanga. Watu huchoka pamoja na mfiwa. Hapa kambini ardhi ya kiangazi ni ngumu kama tofali, na Fidelis akaona huruma. Akaomba mashine ya kuchimbia mitaro, akaiendesha mwenyewe. Wanaume walipofika na majembe mabegani, kaburi lilikuwa tayari, kuta zimenyooka. Unga nao ulikuja kwenye gunia, umeshasagwa. Wakasimama, hawajui mikono waiweke wapi.

Baba Rozi alikuwa na jembe lake. Akalitazama shimo, akapiga ukingoni mara moja, akaliweka chini. Ndiyo sauti hiyo. Mama Rozi akauliza, "Mmeshamaliza?"

Tulizika. Jua halijageuka, nyumba ilikuwa tupu. Watu hawakukosa huruma, mama. Walikosa kazi ya kuwaweka pale.

Jioni ile Fidelis alinifuata. "Skola, nimekosa nini? Nilitaka kuwapunguzia."

"Umewapunguzia."

"Sasa mbona hunitazami?"

"Umewapunguzia mpaka wakabaki peke yao."

Akavua kofia. Kisha akasema, "Jembe unalisifu wewe mwenye chaki mkononi. Mikono ya mama yako umeisahau?"

Sijaisahau. Ikifika mashine ya kusaga Nambilanje, mama, usione haya, nenda ukasage, mgongo wako upone. Lakini nimeuzunguka mji wa Fidelis akilini, nyumba kwa nyumba, sioni mlango ambao jirani angeupita. Aje kufanya nini, ikiwa sihitaji chochote? Na mimi niende kwa nani? Nadhani Rozi aliliona hilo mapema kuliko sisi. Angekuwepo, ningemwambia.

Fidelis amepata kazi kwenye karakana kubwa ya mgodini, mbali sana, nje ya nchi yetu. Alitaka tufunge ndoa kabla hajasafiri. "Huko ndiko mji wangu unakoanzia," aliniambia, na macho yake yalikuwa yaleyale yaliyonifanya nimpende.

Msalimie bibi. Msalimie shangazi Pelagia, aliyenifundisha kusuka ukili, mwambie mkeka wake bado naulalia. Mjomba Beda, mlezi wangu, nakusalimu nimepiga magoti, na utajua kwa nini.

Fidelis aliondoka na treni Jumamosi. Pete ya uchumba nilimrudishia mkononi Ijumaa, mbele ya baba Rozi, ili pawe na shahidi. Hakuniuliza tena. Aliifunga kwenye leso, akasema, "Basi msalimie mama yako." Nikalia mbele yake, sikuona haya. Posa, mjomba, naomba uirudishe kwa wazee wake kwa heshima, maana hawakutukosea.

Nimehamia kwa mama Rozi. Mumewe amenichongea mchi. Kila alfajiri tunatwanga wawili kinu kimoja, wake ukishuka wangu unapanda. Jana viganja vyangu vilipasuka, naye akavifunga kwa kipande cha gauni la Rozi.

Mwanao,
Skolastika