Kofia ya Kapteni Uliyoitengeneza kwa Magazeti

Kibondo, Jumapili

Data,

Kila barua niliyokuandikia kutoka hapa Kibondo ilianza kwa kukuuliza hali ya kifua, na kila mara ulinijibu kwamba ni vumbi tu. Safari hii sina cha kuuliza. Nitakueleza ya nyumbani, kwa sababu kuna jambo nililolifanya baada ya kukuzika, baba yangu, na sipendi ulisikie kwa mtu mwingine, kama huko mliko watu husikia mambo.

Nimemwambia Mama.

Najua uliniomba nini. Usikasirike kwanza. Acha nianze mbali kidogo, maana hata mimi nikikumbuka yale mambo yako nacheka kabla sijalia.

Pale Kasulu watu walikujua kama karani wa masijala, mtu wa mafaili na mihuri, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, kalamu mbili mfukoni. Hakuna aliyeelewa ni vipi mtu huyo huyo akitoka ofisini anavaa kaptula iliyochakaa, anakaa nyuma ya jiko, na kutengeneza kofia ya mtu wa angani. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu wawili.

Aliyekuponza ni Bukuru na banda lake la video. Ulikwenda mara ya kwanza kwa ajili ya mpira, ukakuta mkanda wa mpira umekatika na ameweka sinema ya meli inayosafiri kati ya nyota. Bukuru hakujua Kiingereza, lakini hilo halikumzuia kuwatafsiria watu. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akapaza sauti kushinda jenereta, akawaambia kwamba wale waliolala kwenye masanduku ya vioo ni wakimbizi, nyota yao imeungua, na yule kapteni anawatafutia pa kufikia. Mwaka ule watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi na magodoro kichwani, wanapita mbele ya nyumba yetu. Hakuna mtu ndani ya banda aliyehitaji maelezo zaidi.

Jumamosi iliyofuata ulirudi. Ya tatu ulirudi na daftari.

Ulinisimulia mwenyewe mlivyoelewana. Wewe ungemtengenezea mabenchi yake yaliyokuwa yanacheza, na yeye angekufungulia asubuhi kabla ya wateja, asimamishe mkanda pale kapteni anapogeuka, uichore kofia yake. Picha ilitetemeka, ukachora hivyo hivyo. Mbele, ubavuni na nyuma. Ukapima kwa rula kwenye kioo cha televisheni mpaka Bukuru akaogopa utakikwaruza.

Unakumbuka ule mstari mweupe? Ulipita juu ya kofia, kutoka sikio hadi sikio. Ukaupaka, ukaupenda, halafu usingizi ukakupotea: je, ni rangi ya kofia au ni uchafu wa mkanda? Siku tatu ulilizungumza hilo mezani, mpaka Mama akaondoka na sahani yake. Mwishowe ulimpelekea Bukuru spiriti na pamba, akasafisha deki, na mstari ukatoweka. Ukarudi nyumbani, ukashika msasa, ukaukwangua wote bila kunung'unika. Nilikuuliza kwani nani angejua. Ulinijibu, "Kama kwenye picha, Skola. Vinginevyo ni kofia tu."

Ulibandika magazeti ya zamani ya ofisini juu ya chungu, tabaka baada ya tabaka, kwa uji mzito wa muhogo. Ukakausha, ukapiga msasa, ukabandika tena. Mpira wa kuvutia hewa ulitoka kwenye rejeta ya lori. Kisanduku cha kifuani kilikuwa gamba la redio iliyokufa, na vitufe vyake vifuniko vya dawa ya meno. Mtaa mzima ulikuwa unakuwekea. Mfuniko wa sufuria ya Mama ulipotea, na alipouona shingoni mwa kapteni ulikuwa tayari umekatwa. Mama alisema maneno ambayo sitayaandika Jumapili. Baada ya hapo alikuwa akipita nyuma ya jiko na ndoo yake ya maji bila kugeuza macho, kama mtu anayepita kwenye kilabu cha pombe.

Nilipokuja likizo ya Agosti, kofia ilikuwa imekamilika, hata kioo chake cha mbele, kile cheusi kinachoelekea bluu. Uliniambia niivae. Ilikuwa mchana, jua kali la kiangazi. Nikaivaa, nikageukia juani nikijidai kapteni, na mbele ya macho yangu nikaona mbavu.

Nilidhani ni mistari ya uchafu. Nikaivua, nikaiinua juu. Zilikuwa mbavu za mtu, hafifu, kama zimefuliwa na hazikutakata, na upande mmoja kuna kitu kama ngumi. Kwenye kona, kwa maandishi yaliyogeuka, kulikuwa na jina lako.

Hukujaribu kunidanganya. Uliketi kwenye kile kigoda, ukaniambia kwamba ulikwenda kupigwa picha ya kifua tangu Mei, ukamuaga Mama kwamba unakwenda Buhigwe kwa kazi ya ofisi. Daktari alikueleza vizuri, bila kuficha, kwamba hicho kitu kimekwishakuwa kikubwa na kwamba hata Mwanza wangeweza kukupunguzia maumivu tu. Ulirudi na filamu ile kwenye bahasha. Ukaitazama siku kadhaa. Halafu ukaona kwamba unene wake na rangi yake ndivyo kabisa ulivyokuwa unavitafuta, ukailoweka kwenye dawa ya kufulia.

Nililia, Data. Nikakuambia twende tumwambie Mama sasa hivi. Ukanishika mkono. Ulisema, "Nikisema, kuanzia kesho nitakuwa mgonjwa. Watajaa ndugu hapa, watanilaza, kisu nitanyang'anywa. Niache niwe fundi kidogo."

Nikakuacha. Nilirudi Kibondo kufundisha, na kila nilipomwandikia Mama niliuliza habari za mahindi. Miezi mitatu na siku zake. Mvua zilipoanza uliniita, na nilipofika ulikuwa huongei tena.

Sasa sikiliza yaliyotokea baadaye.

Mama aliamini ni vumbi. Si wewe uliyekuwa unamwambia hivyo kila ulipokohoa? Alikumbuka ule msasa, yale magazeti, ule unga mweupe kwenye nyusi zako. Wakati wa matanga aliwaambia wanawake wote waliokuja kwamba mume wake ameuawa na makaratasi. Nilimsikia, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mfiwa anahitaji kitu cha kulaumu, na heri alaumu magazeti kuliko mtu.

Ila Desemba, siku moja baada ya kumaliza arobaini, niliamka nikamkuta uani. Amekusanya matawi makavu, ameyamwagia mafuta ya taa. Kofia ilikuwa juu ya matawi hayo, imelala ubavu. Vifaa vyako vyote vilikuwa pale pamoja na daftari la michoro. Alikuwa anatafuta kiberiti, na aliponiona alisema tu, "Kiniondokee. Kimemla mume wangu."

Ningeweza kumwacha. Nilifikiri hivyo kabisa, Data, nikiwa nimesimama mlangoni: kofia ikiungua, filamu inaungua, jina lako linaungua, na siri yako inabaki salama milele. Ni dakika moja tu ya kunyamaza. Lakini nilimwona anavyoitazama ile kofia kwa chuki, chuki ya mke kwa kitu kilichomshinda, na nikajua akishaichoma ataanza kujichukia mwenyewe kwa kutoiharibu mapema. Tayari alishaanza. Alisema, "Ningeikanyaga siku ile ya kwanza."

Nikaiokota, nikamgeuzia kioo upande wa jua, nikamwambia aangalie. Nikamsomea jina. Nikamwambia vyote, Mei, Buhigwe, Mwanza, na kwamba mimi nilijua tangu Agosti.

Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwa unaniuliza habari za mahindi?"

Siku nne hakusema nami. Alikwenda shambani alfajiri, akarudi, akapika, akaniwekea chakula, akala chumbani. Sijawahi kuadhibiwa hivyo hata nilipokuwa mdogo. Siku ya tano, Jumamosi, alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani na mwavuli mkononi. Akasema, "Nipeleke kwa Bukuru. Nataka nikaone hicho kilichokuwa kikubwa kuliko mimi."

Mama, Data. Kwenye banda la video.

Bukuru nusura adondoshe fimbo. Aliwatoa vijana kwenye benchi la mbele, lile ulilolitengeneza wewe, akalifuta kwa shati lake mwenyewe. Akatafuta mkanda ule chini ya mingine yote. Hakudai kitu, na wateja waliokuja kutazama sinema za ngumi na mateke walipoanza kulalamika aliwaambia ni sinema ya marehemu, wakavua kofia zao.

Mama alikaa wima kama yuko misani. Mwanzo hakuelewa kitu, akaniuliza kwa nini watu wanalala mchana. Kisha kapteni akatoka kwenye lango la meli, polepole, akageuka. Mama akanishika goti. Aliinama mbele mpaka nikadhani anaanguka.

"Ufa," akasema.

Kofia ya kapteni ina ufa upande wa kushoto, mdogo, juu ya sikio. Ya kwako pia. Mama aliniambia palepale, kwa sauti ambayo banda zima lilisikia, kwamba siku ulipoutia ule ufa kwa msumari wa moto alikutukana. Alikuona kwa dirisha la jiko. Alidhani umechoka, umekasirika, unaharibu kazi ya miezi kwa mikono yako, na alikuambia kwamba hata kuharibu hujui. Ulicheka tu, ukakohoa. "Kumbe ufa ndivyo ulivyo," akasema. "Kumbe hakukosea." Akalia hapo, sehemu ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulia katika sinema ile, na Bukuru akaacha kutafsiri.

Kwa kuwa alinyamaza, kwa mara ya kwanza nilisikia Kiingereza chenyewe. Wala si wakimbizi, Data. Ni wachimba madini, wamemaliza likizo yao wanarudishwa kazini. Nimekaa nalo moyoni tangu siku hiyo. Nakuambia wewe tu, maana najua utacheka, na Bukuru usimlaumu. Kazi yake ilikuwa nzuri kuliko ya wenyewe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mwavuli mmoja, mvua inanyesha kidogo. Tulifika karibu na mashine ya kusaga. Hapo Mama akasema, bila kunitazama, "Angeniambia, ningemshikia hayo makaratasi."

Wewe ungemjibu nini? Ulidhani angekulaza kitandani na kukuitia ndugu, na labda angefanya hivyo wiki ya kwanza. Lakini sasa nadhani wiki ya pili angekuwa amekaa kwenye kigoda kingine, anachana magazeti na kukukaripia kwamba uji umekuwa mwepesi. Mimi na wewe tulimnyima hilo. Nakupenda, na nimekukasirikia, na vyote viwili naviandika kwa sababu mimi ni mtoto wako na hukunifundisha kuandika nusu.

Hajakusamehe kabisa. Akikutaja husema "yule baba yako." Mimi ananijibu sasa, ingawa kila nikimuuliza habari za mahindi ananitazama kwa jicho moja mpaka nacheka kwa aibu. Lakini kofia ameiweka sebuleni juu ya kabati, chini yake kitambaa cheupe alichofuma. Wageni wakiuliza, anawaeleza habari za kapteni na nyota iliyoungua, na amekwishaongeza mambo ambayo hata Bukuru hakuyasema.

Na kuna hili, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Wiki tatu zilizopita lori la kutoka Kasulu liliniletea barua ya Mama, imeandikwa na jirani. Anasema amerudi kwa Bukuru mara mbili, peke yake. Anasema katika meli ile nzima amehesabu watu kumi na mmoja, wote wanakula, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza nani anapika. Ila kuna birika. Linaning'inia jikoni mwa meli, lina midomo mitatu, linaonekana kwa muda wa kupiga chafya. Nimepekua daftari lako, nililokuja nalo huku, ukurasa kwa ukurasa, Data. Hukulichora. Umechora hata skrubu, birika hukuliona.

Mama anataka kulitengeneza. Ameniagiza nitafute bati jepesi huku Kibondo, na ameshamwambia Bukuru kwamba Pasaka asubuhi, baada ya misa, atatusimamishia mkanda. Nilimwandikia kumuuliza kama mdomo wa tatu tuukisie tu, kwa kuwa hauonekani vizuri. Amejibu kwamba tutakaa pale mpaka uonekane.

Basi pumzika, mzee wangu, fundi wangu. Tutapita kaburini tukitoka kanisani, mikono ikiwa bado safi. Nakuahidi kwamba nitamshikia bati vizuri, na kwamba kuanzia sasa, mtu yeyote wa nyumba ile akikohoa, nyumba nzima itajua sababu yake.

Mwanao,
Skola