Wifi na Rafu Zake

Jumanne, 4 Machi
Wifi kaingia kamati ya ghala la chakula la mtaa. Mke wa kaka yangu, fundi cherehani, ana miezi mitatu tu hapa! Mgeni njoo mwenyeji apone, eti. Mimi naugua. Miaka sita nafunga mifuko sitini kila wiki – unga, maharage, mafuta, chumvi – na nagawa kwa mkono wangu. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Jumamosi, 8 Machi
Kikao. Wifi kasimama na gauni lake la kujishonea. Eti mifuko basi. Vitu vipangwe kwenye rafu, kila mtu achague anachokula. Na wanaopokea wawemo kwenye kamati, maana matumbo ni yao. Makofi! Mimi sikupigiwa makofi hata mvua ilipoingia ghalani nikaokoa magunia peke yangu. Nikasema watu watazoa vyote. Mwenyekiti akajibu, tujaribu tu, mama. Tujaribu! Nikapiga makofi na mimi, nisionekane mbaya. Lakini kijicho ninacho, nakiri.

Jumatano, 12 Machi
Seremala kamaliza rafu. Nzuri. Zinaniudhi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimefanya ujinga. Ufunguo wa ghala ni mmoja, nao hukaa kwangu. Asubuhi nimesema umepotea. Nilitaka siku yake ya kwanza iharibike, basi. Sasa watu wamejaa nje na vikapu, wengine na watoto mgongoni. Wifi hata hakununa – kaniletea maji, eti nisijisumbue, kupoteza ni ubinadamu. Heri angenitukana!

Wa kwanza kwenye foleni ni dada yangu mkubwa. Nikamuuliza, wewe si nakuletea mfuko hadi mlangoni, foleni ya nini? Akacheka kidogo. Kumbe maharage yangu hayali. Figo. Daktari alimkataza, mwaka wa pili huu. Humpa jirani. Mbona hukuniambia, dada?

"Wewe ulikuwa unagawa, mdogo wangu, huulizi. Wifi yako alikuja akakaa jikoni kwangu, akauliza nakula nini."

Jikoni kwa dada yangu! Wivu na aibu vimenipanda kwa pamoja, sijui kipi kikubwa.

Nimekimbilia chooni. Daftari huwa mkobani, naandika nimekalia ndoo. Ufunguo uko ndani ya sidiria. Nikitoka nao, mtaa mzima utajua. Nisipotoka, leo watu sitini hawapiki. Namsikia wifi anawaomba radhi, anasema seremala hayupo wa kuvunja kufuli, warudi Jumatatu.

Sasa dada anaongea. Anawaambia wasiende popote. Wamngoje mdogo wake amalize chooni, atakuja nao.

Atakuja nao! Hakuna anayeuliza atakuja na nini. Nasikia vikapu vinawekwa chini, kimoja kimoja, na wifi anasema haya, tukae –