Neno Tusiloweza Kulisahau

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimetufikia. Sote wazima, ila babu yako na goti lake, na kelele zake.

Waniuliza umvumilie vipi yule mama wa maktabani kwenu, anayesahau neno la siri kila mkilazimishwa kulibadilisha. Hata mimi yamenikuta. Tulipokimbia vita nilipata kazi katika maktaba ya kambini, wafanyakazi sote watu wa kisiwa chetu cha Chovae. Kompyuta zikaja, pamoja na mwalimu asiye na subira. Akatuamuru kila mmoja achague neno la siri asiloweza kulisahau. Kesho yake mwenzetu Bi Maka akabonyeza jina langu kwa makosa, akaandika neno lake, kompyuta ikamfungulia kazi zangu. Nami nikajaribu jina lake, likafunguka.

"Nani kamwambia mwenzake?" mwalimu akafoka.

"Hakuna mchu aliyeambiwa," Bi Maka akamjibu kwa lafudhi ya kwetu.

Sote tulikuwa tumeandika Chovae.

Akatubadilishia maneno, akaondoka amenuna. Atwambia tusilisahau, kisha atwambia tuliache. Sasa tushike lipi? Hayo mapya yalitutoka wiki ileile.

Muulize huyo mama kwao ni wapi. Huenda ndilo neno walilomkataza.

Nyanya yako