Kinywa Kile Kile

Jumapili, 3 Novemba

Nimerudi kanisani nimefura. Paroko wetu — mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni! — amepanda mimbarini akasema Baba Mtakatifu amepotoka. Kisa? Waraka wake mpya unaotaka walei, waumini wasio mapadre, waongoze vikao vya halmashauri ya parokia badala ya paroko. Eti papa hajui hali ya huku chini. Watu wakainua simu, wakarekodi. Muda si mrefu yuko altareni, mikono juu, anamwombea papa huyo huyo kwa jina. Kinywa kile kile! Nilishindwa hata kuitikia.

Jumatatu, 4 Novemba

Video imeenea kila mahali. Fundi viatu, jirani yangu hapa kibandani, wala si Mkristo, ameniuliza kama kwetu siku hizi kondoo ndiye anayemchunga mchungaji. Nikacheka kwa nje. Cherehani imekata uzi kutwa nzima.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempelekea padre kanzu yake niliyoipunguza pindo. Sikuketi. Nikamwambia askofu akisikia, parokia itakuponyoka. Na hata asiposikia, ni utovu wa adabu. Mkubwa haonywi sokoni!

Akatabasamu — lile tabasamu la seminari. Kwani Paulo hakumpinga Petro uso kwa uso?

"Uso kwa uso," nikasema, "si kwa kipaza sauti!"

"Soma vizuri, dada. Mbele ya wote."

Nimefika nyumbani, nimefungua Biblia. Ni kweli. Mbele ya wote. Nimeifunga kwa kishindo, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Novemba

Askofu amemwita padre. Amerudi. Simu hapokei.

Jumamosi, 9 Novemba

Kikao cha halmashauri mchana huu, nami ni mjumbe. Mwenyekiti ni padre mwenyewe, kama kawaida. Katibu, mwalimu mstaafu, mtu asiyejua hata kupaza sauti, akauliza kwa adabu zote kama padre atawaeleza waumini kesho alichoambiwa na askofu. Padre akamkatiza — paroko hapa nani? Hilo halijadiliwi! Watu wazima wote wakainamia viatu vyao.

Papa asemwe, yeye asisemwe! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sijui nilisimamaje. Nikasema padre hatetei Kanisa wala nini, anatetea kiti. Anaogopa kuongozwa na watu anaowabariki. Nadhani hata waliokuwa nje walinisikia.

Hakufoka. Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia utotoni nikimnyang'anya kitu chake. Akasema taratibu, wote wakisikia:

"Dada, hilo si ungeniambia nyumbani?"

Nikachukua mkoba, nikatoka. Mwavuli nimeusahau huko.

Nimekasirika mpaka sasa. Yeye wa kuniambia hivyo! Nilitaka kumjibu kwamba nilikwenda Jumatano, kwake, tukiwa wawili tu. Lakini Jumatano nilisema habari ya adabu, nikasema habari ya askofu. La kiti sikulisema. Nililiweka, nikalitoa mbele ya wote.

Mtu anabisha. Hodi hiyo naijua. Namwona dirishani, kashika mwavuli wangu, kola bado iko shingoni. Sijui amekuja padre au amekuja mdogo wangu. Anabisha tena, na mimi bado nimeshika kalamu.